Viza Ikikataliwa, Nyumba Isivunjike

Neno "viza" si geni tena katika vijiji vyetu. Zamani tulilisikia kwa waliokwenda kusoma Ulaya au kutibiwa India. Leo linasikika hata sokoni Kiwangwa, kando ya marundo ya mananasi yanayosubiri magari ya Dar es Salaam. Binti wa fulani ameomba viza. Mke wa fulani amenyimwa. Na anayenyimwa si lazima awe kijana asiye na majukumu. Mara nyingine ni mama mwenzetu, mwenye mume, watoto na deni la kikundi.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo hili, kwa kuwa barua moja ya namna hiyo iliingia katika nyumba ya jirani yetu, nasi tukaona jinsi ilivyoitikisa nyumba nzima. Mwenyewe ameturuhusu tueleze ili wengine wajifunze, mradi jina lake tusilitaje.

Mama huyu ana watoto wawili. Wa kwanza yuko darasa la tatu, wa pili bado ananyonya. Anafanya kile kinachoitwa kazi ya mbali: anasikiliza sauti zilizorekodiwa kwa Kiswahili na kuziandika kwenye kompyuta, kisha anazituma kwa intaneti kwa mwajiri aliye Ulaya. Analipwa dola 900 za Marekani kwa mwezi. Akasikia kwamba zipo nchi zinazotoa viza kwa watu wa kazi kama yake, wakahamia huko na familia zao. Mtu mmoja wa mjini akajitolea kumshughulikia makaratasi kwa malipo. Basi shamba la mananasi likakodishwa kwa jirani, kikundi kikamkopesha, mtoto akaondolewa shule. Akina mama wenzake wakamuaga kwa kanga na nyimbo. Baada ya miezi miwili barua ikaja: ombi limekataliwa.

Kwa siku kumi hakutoka nje ya uzio. Alipokuja kliniki na mtoto, tulimpima presha tukaikuta 150 kwa 100. Hakuwahi kuwa na presha kabla ya hapo. Alikuwa halali, hali chakula, na kila aliyemwona akipita njiani alidhani anamcheka.

TUIELEWE VIZA HIYO

Kwanza tuelewe kilichoombwa. Viza za kazi ya mbali ni jambo jipya duniani. Zilienea baada ya ugonjwa wa UVIKO-19, watu wengi walipozoea kufanya kazi za ofisi wakiwa nyumbani. Estonia ilianza kutoa yake Agosti 2020. Ureno ilifuata Oktoba 2022, na Hispania ikapitisha sheria yake Desemba mwaka huohuo. Hata Afrika zipo. Morisi ilianzisha yake mwaka 2020, na Namibia mwaka 2022.

Wazo lenyewe ni hili: nchi inamkaribisha mgeni akae kwa muda, ale na alale kwake, lakini mshahara wake utoke nje. Hatakiwi kuchukua ajira ya mwenyeji. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza linalotazamwa ni kipato, na kipato hicho kimepangwa kwa kupimia maisha ya huko. Estonia ilipoanza ilitaka mwombaji awe na kipato cha euro 3,504 kwa mwezi. Ureno inataka mara nne ya mshahara wake wa chini. Mwaka 2024 hiyo ilikuwa euro 3,280, yaani zaidi ya shilingi milioni nane za Tanzania kila mwezi. Hispania inataka mara mbili ya mshahara wake wa chini kwa mwombaji mwenyewe, kisha inaongeza asilimia 75 ya mshahara huo kwa mwanafamilia wa kwanza na asilimia 25 kwa kila anayefuata. Mama mwenye mume na watoto wawili ataona jinsi hesabu inavyopanda. Namibia ilitaka dola 2,000 kwa mwezi, na Morisi dola 1,500.

Sasa tumrudie mama yetu na dola zake 900. Kwa Kiwangwa, hizo ni zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwezi. Mshahara wa chini wa mtumishi wa umma hapa Tanzania ulipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Maana yake ni kwamba mama huyu, akiwa amekaa kwenye kibaraza chake, anapata mara nne ya kima hicho na zaidi. Lakini mbele ya meza ya ofisa wa viza, fedha hizohizo hazifiki hata theluthi ya kinachotakiwa na nchi kama Ureno.

Hapa ndipo tunapopenda kila mama asimame na kutafakari. Barua ile haikusema kwamba yeye ni mjinga, mvivu, au hana bahati. Ilisema kwamba kipato chake ni kidogo kuliko kiwango kilichoandikwa. Ni hesabu. Na mtu aliyepokea fedha zake ili amwandikie makaratasi alipaswa kumweleza hesabu hiyo siku ya kwanza.

SIKU ZA MWANZO

Kukataliwa kunauma, na maumivu hayo tusiyadharau. Mtu aliyejiandaa kuondoka amekwisha kuhama moyoni. Anapoambiwa abaki, anakuwa kama aliyefiwa, ila hakuna msiba wala matanga, na majirani hawajui waseme nini. Wengine wanaongeza chumvi kwenye kidonda. "Wifi, vipi ile Ulaya yako?" Huenda wifi hakuwa na nia mbaya, lakini neno limechoma.

Sisi wauguzi tunashauri mambo machache kwa siku hizo za mwanzo. Lala kwa saa zilezile kila usiku, hata kama usingizi hauji upesi. Kula mara tatu, japo kidogo kidogo. Toka nje asubuhi, utembee, ufanye kazi ya mikono. Usinunue dawa za usingizi dukani bila kuandikiwa na daktari. Zina mazoea mabaya, na kwa mama anayenyonyesha zinaweza kumfikia mtoto. Kama unanyonyesha, endelea. Watu husema mawazo hukausha maziwa. Ukweli ni kwamba wasiwasi unaweza kuyachelewesha kutoka, lakini mtoto anapoendelea kunyonya mara kwa mara, na mama akila na kunywa maji ya kutosha, yanaendelea kutengenezwa.

Presha ikipimwa na kuonekana 140 kwa 90 au zaidi, usiseme ni mawazo tu yatapita. Rudi ipimwe tena siku nyingine, na ikibaki juu uonane na daktari. Huzuni nayo ina mpaka wake. Ikizidi majuma mawili, kila siku, mtu hana hamu ya chochote, hawezi kazi, anajiona hana thamani, hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Na akisema ni afadhali afe, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Ndugu wasiishie kusema "mwombeeni" na kurudi majumbani. Kumwombea na kumpeleka hospitali havipingani.

MUME NA WATOTO

Katika nyumba nyingi, baada ya barua huanza kutafutana ubaya. Mume anasema, "Nilikwambia." Mke anasema, "Hukutaka twende tangu mwanzo." Kila mmoja anasema la kumuumiza mwenzake, na deni linabaki palepale. Ni vema wawili hao wachague jioni moja, watoto wakiwa wamelala, waisome barua pamoja mstari kwa mstari, kisha waandike kwenye daftari: tumetumia kiasi gani, tunadaiwa na nani, na kesho tunaanza na lipi. Maneno yaliyoandikwa hayapigi kelele kama ya mdomoni.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa kimo chao. Mtoto wa darasa la tatu aliyekwisha kuwaringia wenzake kwamba anapanda ndege, sasa anaogopa kurudi darasani. Asifichwe, wala asidanganywe kwamba safari imesogezwa mbele wakati haipo. Aambiwe, "Tuliomba, wamekataa. Si kosa lako wala la mama. Tunaendelea na maisha hapa." Kisha arudi shule upesi. Shule za msingi za serikali hazidai ada, na mwalimu mkuu akielezwa vizuri atampokea. Kila juma analokaa nyumbani ni somo linalompita, na aibu inayozidi kukua.

KUISOMA BARUA

Watu wengi hupokea barua ya kukataliwa, wakasoma neno moja, wakaikunja. Barua hiyo itunzwe, tena isomwe. Asiyeelewa lugha amtafute mwalimu au mtu mwaminifu amtafsirie.

Zipo sababu zinazorudiwa mara kwa mara. Ya kwanza ni kipato kisichofikia kiwango. Ya pili ni kazi isiyothibitika: mama anafanya kazi kweli, lakini hana mkataba wenye sahihi, analipwa kidogo kidogo kwa simu, wala hana barua ya mwajiri inayosema kazi hiyo inaweza kufanyika akiwa nchi nyingine. Ya tatu ni taarifa ya benki yenye fedha zilizoingia kwa mkupuo juma moja kabla ya kuomba. Maofisa huona mara moja kwamba fedha hizo zimeazimwa ili zionekane. Ya nne ni bima ya afya ya safari isiyotosha. Kwa viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, bima inatakiwa igharamie angalau euro 30,000. Ya tano ni shaka kwamba mwombaji hatarudi.

Nyingine ni kuomba viza isiyolingana na shabaha. Uingereza, kwa mfano, haina viza ya kazi ya mbali. Tangu Januari 31, 2024 inamruhusu mgeni wa matembezi kufanya kazi zake za mbali, lakini kwa sharti kwamba kazi hiyo isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Anayeandika kwamba anakwenda kukaa na kufanya kazi, kwa viza ya matembezi, amejikatalia mwenyewe.

Je, mtu anaweza kukata rufaa? Inategemea nchi. Kwa viza ya muda mfupi ya Schengen, fomu ya kukataliwa lazima itaje sababu, na mwombaji ana haki ya rufaa katika nchi iliyomkatalia. Kwa viza za kukaa muda mrefu, zikiwemo za kazi ya mbali, kila nchi ina sheria yake. Tazama barua inasema uandike wapi na kabla ya siku gani, kwa kuwa siku zikipita mlango umefungwa. Kwa viza ya matembezi ya Marekani, anayenyimwa kwa sababu hakuthibitisha kwamba atarudi kwao hana rufaa. Anaweza kuomba upya tu, na kulipa upya. Ada ya maombi ni dola 185 tangu Juni 2023. Ya Schengen ya muda mfupi ilipanda hadi euro 90 Juni 2024. Ada hizi hazirudishwi, uwe umepewa au umenyimwa.

Rufaa inafaa pale ofisa alipokosea: kwa mfano, mkataba ulikuwemo naye akasema haukuwemo. Kama kipato kweli hakifiki, rufaa haitakiongeza.

DAWA YA DENI NI KULIPA

Mama yetu na mumewe walipoandika hesabu yao waliona wanadaiwa shilingi 1,800,000. Kwa hofu alitaka kukopa kwingine ili alipe kikundi upesi, asionekane mbaya. Tulimsihi asifanye hivyo. Mikopo ya kausha damu haijengi nyumba, na ile ya kwenye simu nayo ina hatari zake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wengi waliokopa huko waliona namba za ndugu na wakubwa wao wa kazi zikipigiwa simu ili waaibishwe.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi, akamwamkia, akasema bila kuzunguka, "Shikamoo mama. Safari haikuwezekana. Deni lenu nalikumbuka. Naomba nilipe laki tatu kila mwezi kwa miezi sita." Mwenyekiti akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja mwenyewe." Hilo ndilo lililomwondolea mzigo kuliko dawa yoyote tuliyoweza kumpa. Mtu anayejificha, deni lake huwa habari ya kijiji. Anayekwenda mwenyewe huwa na makubaliano.

Tukumbuke pia vilivyosalia. Pasi ya kusafiria iliyolipiwa shilingi 150,000 haikupotea. Ya mtu mzima hudumu miaka 10. Shamba lililokodishwa litarudi muda ukiisha. Na kubwa kuliko yote, kazi haikupotea. Mwajiri hakumwajiri kwa sababu ya mahali alipo. Alimwajiri kwa sababu anasikia vizuri na anaandika Kiswahili safi, na hayo yote bado anayo Kiwangwa.

JE, AOMBE TENA?

Kuomba tena si dhambi, na kukataliwa mara moja hakumfungii mtu milele. Lakini kwanza ajiulize: nilitaka kwenda kwa nini? Kama ni umeme unaokatika na intaneti inayosuasua, huenda betri ya sola, laini ya pili ya simu, au chumba cha kufanyia kazi Bagamoyo mjini vitatibu tatizo kwa fedha ndogo. Kama ni shule ya watoto, apige hesabu ya kodi ya nyumba na chakula cha huko kwa mshahara uleule. Dola 900 zinazolisha watu wanne hapa, zikijenga na kuweka akiba, huko zinaweza kuishia kwa mwenye nyumba.

Akiamua kuomba tena, abadilishe kilichofanya akataliwe. Apate mkataba ulioandikwa. Malipo yapitie benki kila mwezi, yaonekane kwa muda mrefu. Asome masharti mwenyewe kwenye tangazo rasmi la ubalozi, asitegemee mdomo wa mtu. Na aseme kweli kwamba alikwisha kunyimwa. Kumbukumbu za maombi ya viza za Schengen hutunzwa hadi miaka mitano, na nchi zote za umoja huo huziona. Anayeficha huonekana mwongo hata pale alipokuwa na haki. Kuhusu karatasi za kughushi, tusizitazame hata kwa jicho moja. Uingereza humfungia aliyedanganya kwa miaka 10, na Marekani yaweza kumfungia maisha.

Mananasi yetu hukaa shambani karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya mavuno ya kwanza, na hakuna mkulima wa Kiwangwa anayeyang'oa mwezi wa tano ili apande upya. Anayetaka kuongeza kipato kutoka dola 900 hadi kiwango kinachotakiwa naye ajipe msimu wake.

NJIA YA MKATO

Tunamalizia na onyo. Mama aliyenyimwa viza yuko katika hali ya udhaifu, na vishoka wananusa jambo hilo upesi. Watamwambia, "Achana na Ulaya, nina nafasi Oman au Dubai, unaondoka juma lijalo, viza ni juu ya mwajiri." Kazi yenyewe mara nyingi ni ya ndani ya nyumba. Wapo waliokwenda wakarudi salama na wakajenga. Lakini Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema waajiri waliwanyang'anya pasi zao, na wapo waliofanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku bila kupumzika vya kutosha.

Kwa hiyo, asiondoke mtu bila mkataba aliousoma na kuuelewa. Athibitishe kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania kwamba anayempeleka ana kibali. Aache nakala ya pasi na ya mkataba kwa mumewe au mama yake, na namba ya ubalozi wetu iwe kichwani, si kwenye simu peke yake. Anayekuharakisha usimwambie mumeo, huyo hakutakii mema.

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama yetu amekwisha kulipa miezi miwili ya deni lake, presha imeshuka, na mtoto yuko darasani. Kuhusu kuomba tena, bado hawajaamua, na hakuna anayewakimbiza. Kama nyumbani kwako au kwa jirani yako kuna aliyepokea barua ya namna hii, usisubiri akuite. Mpelekee uji, mshike mtoto kidogo naye aoge na kulala, na usimwulize habari za safari mpaka azianze mwenyewe.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya upungufu wa damu kwa mama mjamzito, na vyakula vya hapahapa Pwani vinavyosaidia.